Zamu ya Usiku, Chumba cha Eksirei

Saa nane na robo. Mashine imepoa,
aproni ya risasi nimeitundika msumarini,
na Aikaruwa, binti wa dada yangu, amenitumia mchoro:
mstari mmoja unaopanda polepole kama barabara ya Kibosho,
halafu unadondoka korongoni.
"Mjomba, hizi nazo ni eksirei. Soma."

Kuna nyota mbili, anaandika, nzito,
hata jua letu likisimama kando yao ni punje ya ulezi.
Zinazungukana. Kila moja inajipuliza,
inajimwaga nje kwa upepo wa kutoka Moshi
hadi Dar na kurudi kabla hujafumba na kufumbua.
Pepo hizo mbili zikigongana katikati
joto linafika nyuzi mamilioni,
na joto la namna hiyo halina rangi ya kuni.
Linawaka kwa mwanga ninaoujua mimi,
ule usioonekana, upitao nyama ukakwama mfupani.

Pepo. Mama yangu neno hilo hakulitaka ndani ya nyumba.
Upepo sawa, alisema, wingi wake uacheni nje.

Wapiganapo tembo, tumefundishwa, ziumiazo ni nyasi.
Huko juu nyasi ndizo zinazong'aa.

Saa tatu nilimpiga picha mama mmoja wa Pasua.
Aliteleza bafuni, alisema.
Akasema tena, hakuna aliyemuuliza.
Vuta pumzi. Bana. Usitikisike.
Haya, pumua.
Ubavu wa saba umepasuka, mpya,
na juu yake wa tano na wa sita wana vifundo
vya mfupa uliojiunga wenyewe, bila daktari,
labda masika iliyopita, labda ile ya kabla.
Niliandika ninachoruhusiwa kuandika.
Kisha nikaongeza mstari mmoja.

Nikamuuliza Aikaruwa: na hapa mchoro unapoanguka,
ugomvi umekwisha?
"Hapana, Mjomba. Hapo ndipo zimekaribiana kuliko siku zote.
Ila nyota moja upepo wake ni mzito,
umepita mbele yetu kama pazia
na mionzi imezama humo.
Sisi tunachoona ni kimya."

Nimeisoma hiyo mara tatu.

Mawenzi alikwenda kwa Kibo kuomba moto,
ndivyo tulivyosimuliwa, akapigwa mchi
na hadi leo kichwa chake kina mapengo.
Tulicheka, watoto wa Kilema.
Mbavu hakuna aliyeziuliza.

Nisilinganishe. Nyota zile haziombani moto,
moto unazaliwa katikati yake
na hakuna mwenye funguo za mlango.
Yule mama alikuwa na kanga iliyofungwa fundo la haraka
na nauli ya kurudia, imekunjwa mara nne, kiganjani.

Eti mionzi ile haifiki chini.
Hewa inaimeza yote, ndiyo maana
vyombo vya kuipokea vimerushwa huko nje, kusiko na hewa.
Kumbe dunia nzima imevaa aproni.
Nikatoka ukumbini kuitazama.
Mwezi wa sita, mawingu yameshuka hadi kwenye mabati,
baridi, harufu ya maganda ya kahawa,
mbwa wawili wa Longuo wanajibizana.
Hakuna nyota. Hata mlima haupo.

Saa kumi simu ya mapokezi imelia:
kijana wa pikipiki, paja.
Nimeivaa tena ile risasi, mabega yamelalamika.
Lakini kabla sijamfungulia mlango nimerudi kwenye faili,
kwenye ule mstari niliouongeza.
Nilikuwa nimeuandika kwa penseli.
Nimeupitia kwa kalamu, herufi moja moja,
nikibonyeza.